WAVU NAMBA MOJA NA WAVU NAMBA MBILI
Kumbukumbu za kikao cha saba cha Kamati ya Nyavu, Umoja wa Wavuvi wa Ghuba

Tarehe: Jumamosi, 14 ya mwezi wa tatu
Mahali: Chumba cha mikutano, juu ya ghala la nyavu

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti, nahodha mstaafu
2. Katibu, karani wa chumba cha barafu (mwandishi)
3. Mama Sindano, mshonaji wa nyavu
4. Nahodha Kifua, mashua ya buluu
5. Nahodha Taratibu, mashua nyeupe
6. Mzamiaji

MWALIKWA
Bi Afisa, kutoka ofisi ya uvuvi

WASIOHUDHURIA
Mweka hazina (ameuguliwa, alitoa taarifa)
Fundi wa injini (hakutoa taarifa)

KUMB. NA. 1/7: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa 3:25 asubuhi badala ya saa 3:00, kwa sababu ufunguo wa chumba ulikuwa kwa fundi wa injini na fundi wa injini hakujulikana alipo, ikabidi mlango ufunguliwe kwa bisibisi. Aliwaomba wajumbe waseme mmoja mmoja. Alikumbusha kwamba kikao kilichopita Katibu alilazimika kuandika neno "kelele" mara nne.

Mwenyekiti alieleza kwamba agenda ni moja tu: kupokea matokeo ya jaribio la nyavu na kukata shauri. Bi Afisa alipewa nafasi, akasema ofisi yake inasubiri barua ya kamati Jumatatu. Kamati ikisema wavu mpya unafaa, mashua zote kumi na mbili zitabadilishiwa nyavu na kuendelea kuvua ndani ya ghuba. Kamati ikisema haufai, ghuba itafungwa kwa nyavu zote za kukokota.

Nahodha Kifua alisema habari ya kufungwa kwa ghuba ameisikia tangu baba yake yuko hai. Bi Afisa alijibu kwamba safari hii karatasi imeshachapwa, bado sahihi tu.

KUMB. NA. 2/7: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA

Katibu alisoma jinsi jaribio lilivyopangwa. Wavu wa zamani una mnyororo uliofungwa kwenye kamba ya chini, mwanzo hadi mwisho, na mnyororo huo ndio unaokwangua chini ya bahari na kung'oa majani ambamo samaki wadogo hukulia. Katika wavu mpya, mnyororo wa uzito uleule ulikusanywa kwenye ncha mbili tu. Katikati pakafungwa maboya madogo ili kamba ipae shubiri moja na kuyapita majani kwa juu.

Kazi hiyo ilifanywa na Mama Sindano. Kamba za chini za nyavu zote mbili zilivikwa gunia, ili manahodha wasijue nani ana upi na mtu asije akaupendelea wake. Katibu aliandika namba kwenye vitambaa viwili: 1 kwa wavu mpya, 2 kwa wavu wa zamani. Mama Sindano alivishona kwenye nyavu. Karatasi yenye siri hiyo ilitiwa kwenye bahasha, ikafungwa, ikakaa kwa Mwenyekiti.

Mashua nyeupe ya Nahodha Taratibu ilipewa wavu namba 1. Mashua ya buluu ya Nahodha Kifua ilipewa namba 2. Kila moja ilitoka mara sita. Bi Afisa alipanga wavu namba 1 upite katikati ya majani mazuri, na namba 2 upite pembeni, ambako majani ni machache.

Mwenyekiti aliuliza: kama wavu mmoja ulipelekwa kwenye majani mazuri na mwingine pembeni, siri ilikuwa wapi? Bi Afisa alisema hilo alilifikiria baadaye.

KUMB. NA. 3/7: TAARIFA ZA MANAHODHA

Nahodha Taratibu alisoma taarifa yake, kurasa mbili. Alisema wavu namba 1 ni mwepesi kama unyoya, mikono yake iliujua tangu siku ya kwanza kuwa ndio mpya, na kwamba "unapita chini kama mtu anayepita chumba chenye mtoto aliyelala." Alipata matenga thelathini na moja. Alipendekeza kamati iandike barua hapohapo ili watu warudi majumbani.

Nahodha Kifua hakuwa na karatasi. Alisema hakuna cha kusoma. Wavu wake ni ule wa zamani, kipofu angeujua, na umempa matenga ishirini na tisa kutoka pembeni ambako hakuna samaki. Aliomba maneno yake yaandikwe kama yalivyo: "Nyie chezeni na vyombo vyenu vya kupaa. Mimi chuma changu kinalala chini, na samaki nawaleta."

Mama Sindano aliomba Mwenyekiti amuulize Nahodha Kifua kama mafundo ya wavu wake yalishika. Katibu anaeleza kwa faida ya wasiojua kwamba wajumbe hawa wawili ni mashemeji: marehemu mke wa Nahodha Kifua alikuwa mdogo wake Mama Sindano. Tangu Nahodha Kifua aache kumpelekea nyavu zake na kuanza kununua za dukani, sasa ni mwaka wa pili, wanazungumza kwa kupitia watu wengine. Siku hii walikuwa wamekaa benchi moja.

Mwenyekiti alimuuliza. Nahodha Kifua alimwambia Mwenyekiti kwamba yalishika, yote. Mwenyekiti alimwambia Mama Sindano kwamba yalishika yote. Mama Sindano alimshukuru Mwenyekiti.

Bahasha ilifunguliwa mbele ya wote. Karatasi ilisema kama ilivyosomwa: 1 mpya, 2 wa zamani. Nahodha Taratibu alipiga makofi peke yake.

KUMB. NA. 4/7: TAARIFA YA MZAMIAJI

Mzamiaji alieleza kwamba alizama siku mbili mfululizo, na kwamba amesita kuleta taarifa hii kwa sababu yeye mwenyewe haielewi.

Palipopita mashua ya buluu aliona mistari miwili myembamba kwenye mchanga, upana wa kiganja, na katikati ya mistari hiyo majani machache yaliyopo yamesimama. Palipopita mashua nyeupe, kwenye majani mazuri, hakukuta majani. Alikuta mchanga mtupu, upana wa hatua kumi na mbili, "kama uwanja uliofagiliwa," na mizizi inaelea. Urefu wake hakuweza kuumaliza kwa mtungi mmoja wa hewa.

Mwenyekiti alimwomba arudie. Mzamiaji alirudia. Mwenyekiti alimwomba arudie tena, polepole, aanze na rangi ya mashua.

KUMB. NA. 5/7: MJADALA

Katibu anakiri kwamba sehemu hii haikuandikwa yote, kwa kuwa walikuwa wanasema watu wanne kwa pamoja. Yaliyoshikika ni haya.

Nahodha Taratibu alisema Mzamiaji amechanganya mahali. Mzamiaji alijibu kwamba boya la alama alilifunga mwenyewe siku wavu unapita, na mashua nyeupe ni nyeupe. Nahodha Taratibu alisema hamlaumu mtu ila maji yana mawimbi na kichwa cha mzamiaji hujaa hewa. Nahodha Kifua alisema Mzamiaji ni mpwa wa Mwenyekiti, asisemwe ovyo, kisha akacheka. Mwenyekiti alisema hakuna mpwa wala mjomba ndani ya kikao. Mzamiaji alisema, "Sawa, mjomba."

Mwenyekiti alitoa wazo kwamba pengine mnyororo ukikusanywa kwenye ncha ndipo unapochimba zaidi, na kwamba wavu mpya ni mbaya kuliko wa zamani. Bi Afisa alisema haiwezekani, kisha akasema inawezekana, kisha akaomba maji ya kunywa. Alisema ameona michoro ya wavu wa namna hii na kwenye michoro hauchimbi. Nahodha Kifua alisema kwenye michoro hata yeye ana nywele.

Ilifikia mahali wajumbe hawakujua tena mtu anaposema "ule" ana maana ya upi. Mwenyekiti aliagiza kila mtu ataje namba. Baada ya hapo Nahodha Taratibu aliutetea wavu namba 2 kwa dakika tano kabla ya kugundua kwamba si wake.

Mwenyekiti aliitisha kura: barua iandikwe kwamba wavu mpya umeshindwa? Bila kumhesabu Mwenyekiti, waliokubali walikuwa wawili. Waliokataa walikuwa wawili. Mama Sindano hakunyosha mkono. Mwenyekiti alinyosha mara zote mbili, na alipoulizwa alisema alidhani mara ya kwanza ilikuwa ya kujaribu.

Bi Afisa alieleza kwa sauti ya chini kwamba barua ikienda hivyo, ghuba inafungwa. Watu walitazamana kana kwamba kila mmoja anangoja mwenzake azinduke.

Hapo Nahodha Kifua alisimama, akasema: "Tunabishana nini? Nyavu ziko chini ya miguu yetu. Tukate gunia tuone."

KUMB. NA. 6/7: KUKAGULIWA KWA NYAVU GHALANI

Kikao kilihamia ghalani saa 5:10. Nyavu zote mbili zilikuwa zimelazwa sakafuni, bado zimevikwa gunia, vitambaa vya namba vikiwa mahali pake. Katibu alisoma namba kwa sauti na wajumbe wote wakaziona.

Mwenyekiti alikata gunia la namba 1 kwa kisu cha kupasulia samaki. Ndani palikuwa na mnyororo, kutoka ncha hadi ncha. Alikata gunia la namba 2. Ndani palikuwa na maboya madogo, na mnyororo umekusanywa kwenye ncha mbili.

Kwa hiyo wavu mpya ndio uliokuwa na namba 2, na wavu wa zamani namba 1. Mwenyekiti aliyasema hayo mara tatu, kila mara akielekeza kidole, na mara ya pili alikosea.

Nahodha Kifua, ambaye alikuwa amevua siku sita kwa wavu aliokuwa anautukana, alichuchumaa akayashika maboya moja moja.

Nahodha Taratibu alisema haya si makosa, hii ni hujuma. Alisema jioni ya kuamkia siku ya kwanza ya jaribio alimkuta Nahodha Kifua ghalani akiwa peke yake. Nahodha Kifua alikubali kwamba alikuwapo, akasema alifuata kamba ya nanga. Aliulizwa kamba hiyo iko wapi. Alisema iko kwenye nanga.

Katibu aliulizwa pia, kwa kuwa ndiye aliyeandika vitambaa. Katibu alieleza kwamba aliviandika sawasawa na kuvikabidhi mkononi. Mama Sindano alisema hilo ni kweli.

Nahodha Taratibu alipendekeza Nahodha Kifua asimamishwe ujumbe na mashua yake isitoke msimu ujao. Nahodha Kifua alisema, na aliomba iandikwe: "Nimewapinga mbele ya macho yenu tangu mwezi wa kwanza. Sijawahi kumpinga mtu mgongoni. Mngejua hilo angalau." Mwenyekiti aliitisha kura hapohapo, watu wamesimama kuzunguka nyavu. Mikono iliyonyoshwa ilikuwa ya Nahodha Taratibu, Mzamiaji na Katibu.

Mwenyekiti alimuuliza Mama Sindano kura yake. Mama Sindano alisema: "Shusheni mikono. Ni mimi."

KUMB. NA. 7/7: MAELEZO YA MAMA SINDANO

Aliletewa kigoda, akakataa kukaa.

Alieleza kwamba haoni vizuri, kwa sasa; macho yamefanya ukungu. Kitu kikubwa anakiona, mtu anamjua kwa umbo na sauti, lakini maandishi hayaoni kabisa. Katibu alipompa vitambaa alimwambia hiki namba moja, hiki namba mbili. Namba moja alikitia mfuko wa kulia wa aproni, namba mbili mfuko wa kushoto, ili asisahau.

"Nikafika nyumbani kwenye kazi yangu. Kukawa na joto, nikaivua aproni nikaitundika kwenye msumari. Nilipomaliza gunia la wavu mpya nikanyosha mkono kwenye aproni, mfuko wa kulia, nikatoa kitambaa nikashona. Juzi ndiyo imenijia, niko kitandani. Aproni ikiwa msumarini imekutazama. Kulia kwake ni kushoto kwako."

Mwenyekiti alijaribu jambo hilo kwa koti lake mwenyewe, akalitundika kwenye ndoano ya mizani, akalitazama kwa muda. Alisema ni kweli.

Bi Afisa aliuliza kwa nini hakumwomba mtu amsomee. Mama Sindano alijibu, "Ningeomba leo kusomewa, kesho mngeniomba nipumzike." Aliulizwa kwa nini hakusema asubuhi, kikao kilipofunguliwa. Alisema alikuja hana hakika, na kila mtu alipozidi kuchanganyikiwa, alizidi kuogopa. Alitaka kwanza gunia likatwe.

Nahodha Kifua aliinuka kutoka kwenye maboya. Kuanzia hapa maneno yameandikwa kama yalivyosemwa, kwa kuwa hayakupitia kwa Mwenyekiti.

"Shemeji, tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

"Mwaka juzi ndiyo mafundo yako yalianza kuachia. Nilipoteza nusu ya wavu nikiwa nauvuta. Nikasema nikikwambia utaumia, na mdogo wako ametoka kuzikwa. Nikanyamaza, nikanunua za dukani."

"Mimi nikajua umenidharau."

"Nilikuwa nakuhurumia."

"Miaka miwili ya huruma, hata salamu hakuna."

"Ulikuwa unanipita sokoni kama hunijui."

"Nilikuwa sikuoni, shemeji. Kweli sikuoni."

Nahodha Kifua aliuinua wavu mpya, akayavuta matundu yake kwa nguvu mbele ya wajumbe, hapa na pale, akavuta tena. Alisema siku sita ameukokota kwenye mawe ya pembeni na hakuna fundo hata moja lililoachia. Aliuliza inakuwaje.

Mama Sindano alisema, "Siku hizi nashona kwa vidole. Wakati ule nilikuwa bado nang'ang'ania macho."

Kura ya kumsimamisha Nahodha Kifua ilifutwa. Katibu alimwomba radhi kwa kunyosha mkono. Mzamiaji naye aliomba radhi. Nahodha Taratibu alikuwa amekwenda kusimama mlangoni.

KUMB. NA. 8/7: MAAZIMIO

Kikao kilirudi juu saa 6:05. Iliamuliwa kwamba barua ieleze wavu mpya unafaa: matenga ishirini na tisa kutoka pembeni, mistari miwili myembamba, majani yamesimama. Mashua zote kumi na mbili zibadilishiwe kamba ya chini kabla ya msimu.

Kuhusu nani atafanya kazi hiyo palikuwa na ukimya. Nahodha Kifua alisema hajui watu wananyamazia nini, mshonaji yumo humu ndani. Wavu wa kwanza uwe wake. Namba ataiandika na kuishona yeye mwenyewe, ingawa mwandiko wake ni mbaya. Mama Sindano alikubali kwa sharti moja, kwamba Jumatano asipewe kazi, anakwenda kwa daktari wa macho. Alisema ameikwepa siku hiyo mara tatu, na anaogopa jibu. Nahodha Kifua alisema Jumatano mashua ya buluu haitoki.

Bi Afisa alisema barua lazima ieleze pia kwamba majani mazuri yameng'olewa, na kwa sababu gani, na kwamba njia ile aliipanga yeye. Mwenyekiti alishauri habari ya macho isitoke nje ya kuta hizi, iandikwe tu "namba zilichanganyika." Mama Sindano alikataa. Alisema, "Andika macho. Nimechoka kuyabeba peke yangu." Imeandikwa.

Mwenyekiti aliuliza majani yataota baada ya muda gani. Mzamiaji alisema hajui. Bi Afisa alisema pengine miaka, inategemea, na kwamba kwa kweli hata yeye hajui. Hakuna mjumbe aliyejua.

KUMB. NA. 9/7: MENGINEYO

Nahodha Taratibu aliomba taarifa yake ya kurasa mbili irudishwe. Mwenyekiti alieleza kwamba taarifa ikishasomwa kikaoni hairudishwi, ila mjumbe anaweza kuongeza. Nahodha Taratibu alisema basi anaongeza. Hakutaka kuandika mwenyewe. Alimsomea Katibu, naye Katibu aliandika hivi:

"Wavu haukuwa mwepesi. Nilitaka uwe mwepesi. Kila safari ulikuja na majani, matenga mawili, wakati mwingine matatu, na mizizi yake. Vijana wangu waliniuliza, nikawaambia ni mkondo. Niliyaona. Niliyatupa upande wa pili wa mashua, nisiyaone tena. Nilipita pale mara sita."

Mwenyekiti aliagiza nyongeza hiyo ibanwe pamoja na kurasa zile mbili.

Kikao kiliisha saa 7:20 mchana. Wajumbe waliondoka mmoja mmoja, na chumba kiliachwa wazi kwa kukosa ufunguo.

................................
Mwenyekiti

................................
Katibu

Kumbukumbu hizi zilisomwa kwa sauti mbele ya Mama Sindano, kwa ombi lake, kabla ya kutiwa sahihi. Alisahihisha mahali pamoja tu: Katibu alikuwa ameandika "haoni," akasema iwe "haoni vizuri, kwa sasa."